Pikipiki Huibwa, Deni Haliibwi: Ni Lini Uchukue Nduthi Kubwa?

Wazo hili humjia mtu akiwa mlimani. Umetoka Kenol na abiria pamoja na gunia lake la avokado, mnapanda kuelekea Kigumo. Injini inalia, umeshuka mpaka gia ya kwanza, na kijana mwenye cc 150 anakupita kama vile umesimama. Hapo unajiambia: hii kitu ni ndogo, lazima nichukue kubwa.

Pengine uko sawa. Lakini jioni hiyohiyo, kwenye grupu ya WhatsApp ya steji, kuna picha ya nduthi nyingine iliyopotea. "Imeibwa jana usiku, ukiiona tafadhali piga simu." Ukiangalia picha vizuri, si ile kuukuu ya mzee wa pale kona. Ni mpya, ya cc 150, na mkopo wake haujafika hata nusu.

Mambo haya mawili watu huyazungumza mbalimbali. Ya nguvu ya injini huulizwa kwa fundi, ya wizi huulizwa polisi. Sisi tunayaweka pamoja, kwa sababu kwenye mfuko wako ni jambo moja. Hatuuzi pikipiki wala bima. Kazi yetu ni malipo ya simu, na pikipiki inapoibwa sisi huona upande wa pesa: malipo ya mkopo yanaendelea kudaiwa kila siku kutoka kwa mtu ambaye hana tena kitu cha kumwingizia hata mia.

Kwa hivyo leo tujibu maswali matatu. Pikipiki huibwa vipi? Nduthi kubwa inagharimu nini hasa? Na utajuaje kwamba wakati umefika?

Njia panda ni nzuri kwa biashara, na kwa wezi pia

Kenol ni mji uliopata jina kutokana na kituo cha mafuta, na mpaka leo unaishi kwa barabara. Upande mmoja unashuka Thika na Nairobi. Upande wa pili unapita Makuyu, Makutano na Sagana kuelekea Karatina na Nyeri. Wa tatu unakata kwenda Saba Saba, Maragua na Murang'a mjini. Barabara kuu ya Kenol hadi Sagana na Marua, kilomita 84, imepanuliwa, na magari yanaenda kwa kasi kuliko zamani.

Kwa mwanabodaboda hiyo ni baraka: abiria wanashuka matatu mchana na usiku, maembe ya Makuyu yanatafuta soko, na wa shambani wanataka kufika kabla giza halijaingia. Lakini barabara inayomleta mteja ndiyo inayoondoka na pikipiki. Ikiibwa saa tatu usiku, saa tatu na nusu inaweza kuwa Thika, na wewe bado unauliza walioketi kwenye kibanda kama wameona mtu. Kesho yake huenda imefunguliwa ikawa spea: tangi huku, injini kule, magurudumu kwingine. Au imebadilishwa nambari na kuuzwa mbali bila karatasi.

Pia fahamu kwamba mwizi hufuata soko. Pikipiki ambayo kila mtu anaitaka, ambayo spea zake zinauzika kila mji, ndiyo anayoitaka na yeye. Unapotoka kwenye nduthi kuukuu kwenda kwenye mpya ya cc 150, nguvu inaongezeka na hatari ya kuibwa inaongezeka pia.

Njia ambazo hutumika sana

*Abiria wa usiku.* Anataka kupelekwa ndani, mbali na lami. Mkifika anasema "simamisha hapa," na wenzake wako kwenye kahawa wanangoja.

*Mchele.* Si ule wa Mwea. Ni dawa ya kulewesha. Abiria anakuwa rafiki, mnasimama kidogo, anakununulia soda au chai. Unaamka hospitalini, kama una bahati.

*"Nichukulie mzigo."* Mteja mwenye heshima zake anakutuma uingie kwenye jengo umchukulie kifurushi. "Niko hapa boss, nakuchungia nduthi." Ufunguo umeacha umening'inia.

*Kuegesha kwa dakika mbili.* Nje ya duka, kanisa, hoteli, au kilabu. Kufuli ya usukani ya pikipiki nyingi huvunjwa kwa nguvu ya mkono na mguu, na waya za ignishen huunganishwa chap chap.

*Nyumbani.* Imelala nje ya mlango, geti ni la mabati, mbwa amelishwa kitu.

*Mtu wa ndani.* Umempa kijana skwodi, analeta pesa vizuri wiki tatu, ya nne simu yake imezimwa.

Njia tatu kati ya hizi sita hazihitaji nguvu wala silaha. Zinahitaji uaminifu wako, haraka yako, au uchovu wako. Ndiyo maana tabia hulinda kuliko kufuli, na tutarudi hapo.

Hesabu ya nduthi kubwa

Sasa tuje kwenye pesa. Takwimu zifuatazo ni mfano tu. Weka zako mahali pa zetu.

Tuseme una cc 100 ambayo umeshamaliza kulipa. Kwa siku unaingiza shilingi 1,300. Mafuta 350, servisi na spea 100, bima na mengine madogo 20. Gharama ni 470. Unabaki na 830.

Unataka cc 150 ambayo bei yake taslimu ni 180,000. Huna, kwa hivyo unachukua mkopo: malipo ya kwanza 30,000, halafu 430 kila siku kwa miezi 18, yaani siku 540. Kidole kimoja kinasema 430 si nyingi. Kikokotoo kinasema hivi:

- 430 mara 540 ni 232,200.
- Ongeza 30,000 za kwanza: 262,200.
- Toa bei ya taslimu: umelipia muda kwa 82,200.

Hiyo pekee si dhambi. Mkopo unaweza kuwa na maana ikiwa pikipiki inazalisha. Lakini angalia siku moja ya kazi. Mkopo unadai kila siku, na wewe Jumapili unaenda kanisani, siku nyingine kuna mvua, nyingine kuna mazishi. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kila siku ya kazi inabeba karibu 500 za mkopo. Injini kubwa inakunywa zaidi: mafuta 450. Servisi na spea 130. Bima nzuri na traka 50. Jumla 1,130.

Yaani nduthi mpya lazima iingize 1,960 kwa siku ili ubaki na zile 830 ulizokuwa nazo na nduthi kuukuu. Ni 660 zaidi kila siku ya kazi, si kwa kupata faida, ni kwa kubaki palepale.

Baada ya miezi 18 mambo hugeuka. Mkopo umeisha, gharama zinashuka hadi 630, na nduthi kubwa inahitaji kuingiza 160 tu zaidi ya ile ndogo ili mlingane. Kila kinachozidi hapo ni chako. Kwa hivyo faida ya nduthi kubwa ipo, lakini iko upande wa pili wa siku 540. Swali lote ni kama utafika huko ukiwa bado nayo.

Na hii ndiyo hesabu ambayo watu hawaipendi. Pikipiki ikiibwa mwezi wa sita, umeshalipa 30,000 pamoja na 77,400, jumla 107,400. Bado unadaiwa siku 360, yaani 154,800. Kama hakuna bima inayogusa wizi, deni hilo ni lako na hauna pikipiki. Mwizi alichukua chuma. Mkataba uliotia sahihi aliuacha mezani.

Bima: soma upande wa wizi

Kila chombo cha moto barabarani Kenya lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu. Wengi wakiwa na stika hiyo husema "niko na bima," na wako nayo kweli, lakini bima hiyo hulipa madhara unayomfanyia mtu mwingine. Nduthi yako ikiibwa haikulipi hata shilingi.

Kinachogusa wizi ni bima kamili, au ile ya mtu wa tatu iliyoongezwa moto na wizi. Mara nyingi mkopo huja na bima ndani yake. Usiridhike na neno "ipo". Uliza maswali haya na uombe majibu kwa maandishi:

1. Inalipa wizi, au ajali tu?
2. Ikilipa, inalipa bei niliyonunulia au thamani ya siku hiyo baada ya kuchakaa?
3. Pesa zinaenda kwa mkopeshaji kwanza? Na zisipotosha kumaliza deni, nani anajaza?
4. Mimi nakatwa kiasi gani kabla ya kulipwa?
5. Pikipiki ikitoroshwa na mtu niliyempa ufunguo mwenyewe, mnalipa?
6. Nina saa au siku ngapi za kuripoti?

Swali la tano ni muhimu sana kwa wenye kuweka vijana wa skwodi, maana bima nyingi hazihesabu hilo kuwa wizi wa kawaida. Na hakikisha leseni yako ni halali na ya daraja linalokuruhusu kubeba abiria. Usimpe kampuni ya bima sababu rahisi ya kukataa.

Je, nduthi ni ndogo au imechoka?

Kabla ya kuingia deni la siku 540, mpe fundi mwaminifu nusu siku. Pikipiki iliyochoka husingizia udogo.

Mwambie aangalie filta ya hewa, plagi, kabureta, valvu, ringi za pistoni na klachi. Aangalie cheni na sproketi. Aangalie kama breki zinashika gurudumu hata ukiwa umeachilia. Injini ya cc 100 iliyofanyiwa servisi vizuri inaweza kukurudishia nguvu uliyodhani haikuwepo.

Kuna pia jambo la sproketi. Ukiweka ya nyuma yenye meno zaidi kidogo, pikipiki inapanda mlima kwa urahisi zaidi, ingawa kasi yake ya juu inapungua. Kwa mtu wa njia za Kigumo au Kangema hiyo inaweza kutosha. Kwa mtu wa lami ya Makutano haitamsaidia.

Lakini kuna mahali ambapo udogo ni udogo kweli. Nyingi za cc 100 hutoa nguvu za farasi kama 8, na za cc 150 kama 12. Tena ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kila mita 100. Nyeri mjini ni karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Zile nguvu 8 za Mombasa ukifika huko zinabaki karibu 6 na nusu, kisha unaongeza abiria na mzigo. Wenzetu wa Karatina, Nyeri na Nanyuki wanapolalamika hawadanganyi.

Ili usiamue kwa hasira ya siku moja mlimani, chukua daftari au simu na uandike kwa mwezi mmoja:

- safari ulizokataa kwa sababu pikipiki haiwezi, na zingelipa ngapi;
- wateja walioenda kwa mwenzako mwenye kubwa;
- pesa ulizotumia kwa klachi, cheni na injini kwa sababu ya kubeba kupita uwezo.

Usihesabu safari ya abiria wawili. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na nguvu ya injini haibadilishi hilo. Mwisho wa mwezi gawanya jumla kwa siku ulizofanya kazi. Katika mfano wetu, kama safari ulizopoteza hazifiki 660 kwa siku, tatizo lako bado si injini. Kama zinazidi, una sababu. Na uangalie pia cc 125. Kwa wengi hiyo ndiyo hatua inayotosha, kwa deni dogo zaidi.

Jaribio la siku 90

Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, na halikugharimu chochote.

Kabla ya kuchukua mkopo, jilipe mwenyewe kana kwamba umeshauchukua. Kila siku, na Jumapili ikiwemo, tuma zile 430 kwenye akiba ya simu iliyofungwa, ile ambayo huwezi kutoa kabla ya tarehe. Fanya hivyo siku 90.

Kama umeweza, una 38,700. Malipo ya kwanza ya 30,000 yapo, na 8,700 zinaanza traka, kufuli na dharura. Zaidi ya hapo, umejithibitishia kwamba pato lako linaweza kubeba mkopo, na una rekodi ya kumwonyesha mkopeshaji unapobishania masharti.

Kama umeshindwa, ukaruka siku kumi, ukakopa kwa simu ili kujaza, basi umeujua ukweli bila kupoteza kitu. Pesa bado ni zako. Mkopo wa kweli usingekusubiri. Pikipiki ingezimwa kwa mbali au ingechukuliwa.

Kuna faida nyingine. Pesa iliyo kwenye akiba iliyofungwa haiko kwenye salio la kawaida. Mkora akikuwekea kisu usiku na kukulazimisha kufungua simu, anakuta pesa ya siku hiyo tu.

Na ukiweza, usiuze nduthi kuukuu siku unapochukua mpya. Iweke kando kama akiba. Mpya ikiibwa, unayo ya kufanyia kazi ukilipa deni.

Kununua na kuuza bila kujiingiza taabani

Bei nzuri mno ni dalili. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeshughulikia mali ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Aliyeiba gari au pikipiki yenyewe, chini ya kifungu cha 278A, anakabiliwa na miaka 7. Soma tena: anayenunua akijua inaweza kumgharimu kuliko aliyeiba.

Ukinunua iliyotumika:

- Fanya upekuzi wa umiliki kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi.
- Linganisha jina kwenye logbuku na kitambulisho cha muuzaji.
- Soma nambari ya chasi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na nambari ya injini. Rangi mpya mahali hapo tu, au tarakimu zilizopindapinda, ondoka.
- Usitume pesa ya "kushikilia" pikipiki ambayo hujaiona. Matapeli wanaishi kwa hiyo.
- Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si jina lililo kwenye logbuku, simama, uliza. Ujumbe wa malipo ni ushahidi wako, usiufute.

Ukiuza, angalia salio lako na usitegemee ujumbe tu. Ujumbe bandia huandikwa kwa sekunde. Kisha kamilisha uhamisho wa umiliki. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 baada ya kuuza. Zikipita, chombo hakiruhusiwi barabarani mpaka mmiliki mpya asajiliwe. Ukiiacha kwa jina lako na ikatumiwa kwa wizi, polisi wataanzia kwako.

Ulinzi wa bei nafuu

Ufunguo utoke kila unaposhuka, hata kama ni dakika moja, hata kama abiria ni mchungaji. Ongeza kufuli ya diski au mnyororo, kwa kuwa ile ya usukani pekee haitoshi. Fundi wa waya anaweza kukuwekea swichi ya siri inayokata umeme wa injini. Ajue yeye na wewe tu. Traka ifichwe, na usionyeshe watu ilipo. Kama mkopeshaji ameweka yake, uliza kama nawe unaweza kuiona kwenye simu na unampigia nani usiku.

Abiria wa usiku, mwombe alipe kwa simu kabla hamjaondoka. "Mkubwa, usiku tunalipwa kwanza, ni sheria ya steji." Malipo yake yanabaki kwenye rekodi, na polisi wakiihitaji wanaweza kuiomba kisheria. Mwenye nia mbaya mara nyingi atatafuta pikipiki nyingine. Kisha mwambie mwenzako unakoenda na saa utakayorudi. Steji ambazo hufanya hivi kila safari ya usiku hazingoji mpaka asubuhi kujua kwamba mtu amepotea.

Piga picha za logbuku, chasi, injini, na alama yoyote ya pekee, uzitume kwa barua pepe yako. Ukiziweka kwenye simu peke yake, zitaenda pamoja na simu.

Ikiibwa: saa ya kwanza

1. *Uhai kwanza.* Ukikutana na silaha, achilia. Nduthi ina bei, wewe huna.
2. *Piga kwa wanaoangalia traka,* kisha mwenyekiti wa steji. Wenzako wa Makuyu, Kabati na Saba Saba wapate habari kabla ya dakika kumi.
3. *Simu ikienda pia,* azima nyingine upige huduma kwa wateja wa mtandao wako, laini na akaunti ya pesa zifungwe mara moja. Usingoje kesho.
4. *Piga 999 au 112,* halafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe, upewe nambari ya OB. Habari za wezi unaweza pia kuzitoa bila malipo kwa DCI, 0800 722 203.
5. *Mwarifu mkopeshaji na bima siku hiyohiyo,* kwa maandishi, ukitaja nambari ya OB. Usinyamaze na kuacha malipo kimyakimya. Uliza wanaweza kusimamisha au kupanga upya malipo wakati uchunguzi unaendelea.

Halafu jitayarishe kwa simu nyingine. Ukiweka tangazo lenye nambari yako, mtu atapiga: "Nimeiona nduthi yako Sagana, niko nayo hapa, tuma elfu tatu ya mafuta nikuletee." Usitume. Mpe nambari ya OB, mwambie aipeleke kituo cha polisi chochote, wewe utakuja. Mkweli atakubali. Tapeli atakata simu, na umeokoa elfu tatu siku ambayo huna nyingine.

Na jambo moja ambalo si la pesa. Mshukiwa akishikwa, hasira huwa nyingi, na tunajua kinachofuata mara nyingi katika miji yetu: mawe, tairi, petroli. Mfu hawezi kusema pikipiki zimefichwa wapi wala nani hununua spea. Wengine waliouawa hivyo hawakuwa wezi. Na anayeua, hata akiwa katika kundi la watu hamsini, ana kesi ya mauaji. Mpelekeni polisi akiwa hai.

Basi, wakati umefika?

Umefika ikiwa unaweza kujibu ndiyo kwa haya matano:

1. Fundi amethibitisha kwamba nduthi haijachoka, ni ndogo.
2. Daftari la mwezi linaonyesha safari unazopoteza zinazidi gharama ya kila siku itakayoongezeka.
3. Umemaliza siku 90 za kujilipa bila kuruka.
4. Una jibu la maandishi kuhusu bima ya wizi, na unajua nani analipwa kwanza.
5. Traka, kufuli na mahali pa kuilaza usiku viko tayari kabla pikipiki haijafika, si baadaye.

Ndiyo tano, nenda uichukue, na upande Kigumo bila kulia na injini. Ndiyo tatu, endelea na ile uliyo nayo huku akiba ikikua. Leo hii unaweza kuanza na la tatu: fungua menyu ya akiba kwenye simu yako, weka tarehe ya siku 90 zijazo, na utume ya kwanza kabla hujarudi steji.